Mkutano wa Bomba, Nilivyouita kwa Sauti Mbili

Haya, sogeeni. Simu ziwekeni mfukoni, isipokuwa huyu anayenirekodi, maana kalamu mimi sikuishika nikiwa mtoto na sasa siitaki tena. Nasema tu, mwenye kuandika ataandika. Akikosea msinilaumu mimi.

Kazi yangu ilikuwa kuita watu. Mpiga mbiu wa kijiji. Ninyi siku hizi mnaitana kwenye kundi la WhatsApp: mtu anaandika "kikao saa nne", wenzake wanaweka kidole gumba, saa nne inafika yuko peke yake anafukuza inzi. Mimi nilipoita, watu walikuja au walijificha. Hakuna aliyenionyesha kidole gumba.

Kijiji chetu kiko huku juu Ufipa, kabla hujaanza kuteremka kwenda Milepa. Siku hizi nakaa mjini Sumbawanga, Kizwite, kwa binti yangu, lakini kazi niliifanya kule, na kule nyumba zimetawanyika kama mbuzi wasio na mchungaji. Upepo ni mwingi. Kwa hiyo cha kwanza nilichofundishwa ni kusimama upepo unipige mgongoni, uyachukue maneno uyapeleke. Ukisimama kinyume, unatangazia nguo zako. Cha pili, unagonga jembe kuukuu, halafu unanyamaza mpaka mbwa wamalize kubweka. Watu wengi hawawezi kungoja mbwa. Cha tatu, usitaje tarehe. Sema "keshokutwa, siku inayofuata mnada". Na usianze na ajenda, anza na nani anaita. Mtu akijua anaitwa na nani, ndipo anaamua kama yupo nyumbani au hayupo.

Aliyenifundisha ni Mzee Nestori, aliyeita kabla yangu mpaka koo likamchoka. Alinikuta kisimani namwiga paroko, wanawake wenzangu wamekaa chini wameshika mbavu, ndoo hazijatekwa. Nikajua leo nitasemwa mpaka kanisani. Yeye akaniangalia, akasema, "Wewe Pelagia, hiyo dhambi yako ina kazi."

Siku ya kwanza nilipiga kelele mpaka nikaona nyota. Nestori akaja polepole na fimbo yake. "Mwanangu, unaita watu au unafukuza nyani kwenye mahindi?" Akanifundisha kuita kwa chini, kwa kuvuta. Lakini kuiga hakunifundisha mtu, hiyo nilizaliwa nayo. Nikawa kila anayenituma namwita kwa sauti yake. Mwenyekiti akinituma, naita kwa sauti ya mwenyekiti, ile ya kuvuta pumzi kama amebeba gunia. Katekista akinituma, naita kwa pua. Watu wakawa hawahitaji kusikia maneno yote. Mtu yuko shambani kwake, anasikia ile sauti tu, anasema, "Aa, kanisa."

Sasa nije kwenye bomba.

Kulikuwa na watu wawili waliokuwa wakinituma sana. Wa kwanza Bwana Lusajo, afisa maendeleo kutoka halmashauri. Mnyakyusa mrefu, shati limepigwa pasi mpaka ukigusa mkunjo unakukata. Huyu hawezi kusema bila kukohoa. "Kh-hm, kh-hm. Ndugu wananchi. Kwa mujibu wa taratibu, mnatangaziwa mkutano mkuu wa kijiji. Atakayekosa bila sababu ya msingi, hatua zitachukuliwa." Hatua gani, hasemi. Hapo ndipo watu walipoogopa zaidi.

Wa pili Dada Hilda, wa shirika. Msichana wa Moshi, mzuri, mchangamfu. Huko kwao walimwambia Sumbawanga ni wachawi watupu, wiki ya kwanza alilala na rozari shingoni. Nikamwambia, "Mwanangu, lala. Wachawi wetu mwezi huu wako likizo, wanavuna ulezi." Yeye anapotangaza ni hivi: "Wapendwa wangu jamani. Tunakuja kuwasikiliza ninyi. Ninyi ndio wenye mradi." Halafu mwishoni anashusha sauti, kama anakutajia mtu aliyepata mimba: "Kutakuwa na soda, na nauli kidogo." Nauli! Na mtu anatoka nyumba ya tatu.

Mnaona kilichotokea. Nikiita kwa kile kikohozi, wanaume wanaingia migombani, wanawake wanakumbuka kuni. Mkutano wa serikali unakuta mwenyekiti, mtendaji, mimi, na mbuzi wa mtendaji. Nikiita kwa "wapendwa wangu", kijiji kizima kinakuja, hata wagonjwa wanapona. Wanakunywa soda, wanaimba, wanakubali kila kitu wanachoulizwa, wanakwenda zao.

Lakini mkutano wa Hilda ulikuwa na watu, hauna nguvu. Mkutano mkuu wa kijiji anauitisha mwenyekiti, kwa utaratibu wa serikali, na akidi itimie. Mkutano wa Lusajo ulikuwa na nguvu, hauna watu.

Na bomba lilitaka vyote viwili. Niwaeleze vizuri, maana baadhi yenu mtaajiriwa huko, kwenye halmashauri na mashirika. Fedha zilitoka kwa wafadhili wa nje, nchi yenye baridi kuliko hata kwetu. Haziji moja kwa moja kijijini, zinakaa kwa shirika. Lakini shirika haliwezi kuchimba ardhi ya kijiji hivi hivi. Mhandisi wa maji ni wa serikali, kibali cha kile chanzo cha mlimani ni cha serikali, na wazungu wakishaondoka, bomba linabaki kwa serikali na sisi. Mitaro tunachimba wenyewe. Ni kama kusonga ugali: mmoja ana unga, mwingine ana sufuria, sisi tuna kuni na mikono. Sasa mwenye unga akikaa kwake na mwenye sufuria akikaa kwake, mtakula nini?

Mabomba yenyewe yalishafika, yamelala uani kwa halmashauri mjini. Mgeni wa wafadhili alikuwa anakuja Alhamisi, na alishasema: nataka kukaa kwenye mkutano halali, wa watu wenyewe, nisikie wanakubali. Wasipokubali, au wasipotimia, mabomba yanakwenda kijiji kingine. Kilishatajwa, na tayari walishaanza kuturingia mnadani.

Mimi nilikuwa na sababu yangu. Mkamwana wangu Tekla, mke wa mwanangu wa mwisho, alitoka Kabwe, ziwani. Mtoto wa watu amezoea kufungua mlango anayaona maji. Kwetu akakuta kisima kiko bondeni, unashuka kiza cha alfajiri, unapanda na ndoo jua likikuchoma, na kiangazi unasukumana na ng'ombe. Akavumilia, akavumilia. Mwaka ule akaniambia, bila ugomvi, huku anachambua maharage, "Mama, kiangazi kingine kama hiki sikai. Narudi kwa baba." Nami nilijua harudi peke yake, atachukua na wajukuu wangu. Angekuwa mkamwana mbaya ningemfungia mizigo mwenyewe. Alikuwa mzuri.

Jumatatu ile Lusajo akaja kwangu. Hajakaa vizuri, na Hilda huyu hapa. Magari mawili nje, moja huku, jingine kule, kama wanandoa waliogombana.

"Bibi, shikamoo. Naomba utangaze mkutano Alhamisi asubuhi," Lusajo akasema.

"Bibi shikamoo, wa kwangu ni Alhamisi mchana," Hilda akasema.

"Marahaba wote wawili. Mgeni atakaa kwenye upi?"

"Wa kwangu ndio halali," Lusajo akasema.

"Wa kwangu ndio wenye watu," Hilda akasema.

"Watu wanakuja kwa sababu unawanunua."

"Na kwako hawaji kwa sababu unawatisha."

Nikawapa viti. Mwenyekiti alikuwa amewafuata, akasimama mlangoni anavuta pumzi, akasema jambo moja tu siku ile, na alilisema vizuri. "Alhamisi ni mkutano mmoja. Naitisha mimi. Ninyi mnakuja wote. Hakuna soda, hakuna hatua."

Basi Jumanne nikatoka kuita. Nikajiona mjanja. Kila kilima nikasimama, upepo mgongoni, nikaanza na kikohozi, nikamalizia na "wapendwa wangu jamani", nikawafanya wazungumze: Lusajo anakaribisha, Hilda anaitikia. Watu walicheka mpaka huruma. Nilirudi nyumbani nimeshiba sifa.

Jumatano asubuhi nikapita kuuliza nani anakuja. Hakuna hata mmoja. Kila nyumba wananiambia, "Bibi Pelagia, jana ulituua. Serikali na shirika mkutano mmoja? Umelitoa wapi hilo?" Walidhani ni mchezo. Nimewaiga wale wawili visimani na misibani miaka mingi, na hakuna aliyewahi kuwaona wamesimama pamoja hata kivulini. Sasa nimewaweka kwenye sentensi moja, nani ataamini?

Nikaenda ofisi ya kijiji kuwaambia. Walikuwa wamekaa mbalimbali, kila mtu na karatasi zake. Nikasema, "Wanangu, sauti zenu zimefika, ninyi ndio hamjafika. Twendeni." Hilda akachukua funguo za gari. Lusajo akachukua za kwake. Nikawaambia kwa miguu, maana kwa Masanja gari halifiki.

Masanja ni mfugaji, Msukuma, alikuja na ng'ombe wake kutoka huko kaskazini na wenzake kama yeye, wakajenga upande wa pili wa mto, mbali. Yeye Msukuma, mimi Mfipa, tumejifanyia utani wetu wenyewe. Wafugaji wakija, akidi inatimia. Wasipokuja, haitimii, na wenzake hawaendi popote ambako yeye hajakwenda. Tena bomba lilikuwa likatize njia ya ng'ombe wake.

Ilikuwa ile baridi ya mwezi wa sita. Ukungu umekaa hata zizi hulioni vizuri. Milango imefungwa, moshi unatoka juu. Nikagonga jembe. Nikamwambia Lusajo, bisha hodi mwenyewe.

"Kh-hm, kh-hm. Ndugu Masanja, hodi. Ni afisa maendeleo, kutoka halmashauri."

Ndani kikatoka kicheko. "Mayu Pelagia, leo umempata gete, umempata kabisa. Rudia."

"Ndugu Masanja, ni mimi mwenyewe. Lusajo."

"Aa, hapo umeruka kikohozi. Yeye haachi kikohozi. Anza tena."

Lusajo akageuka akanitazama. Mimi nikatazama ng'ombe. Akaniuliza polepole, "Bibi, kwani mimi hukohoa?"

"Sijui baba. Mimi masikio yangu ni ya kizee."

Hilda alikuwa ameziba mdomo kwa mtandio, mabega yanacheza. Ndani Masanja anaendelea, "Haya mlete na yule dada wa nauli."

"Jamani baba Masanja," Hilda akasema, "ni mimi Hilda, kweli."

"Huyo sasa umemharibu. Umembana sana. Mtu mzima hawezi kuwa na sauti ya kifaranga."

Hapo Lusajo akacheka. Nilikuwa sijawahi kumsikia anacheka, hata sikuwa na namna ya kumwiga hapo. Anacheka kama mtu anayepiga chafya. Hilda naye akaachia, wakashikana mabega pale kwenye samadi, viatu vya ofisi vimezama. Walicheka mpaka mlango ukafunguliwa. Masanja akatoka amejifunga blanketi, akamwona afisa, akamwona dada, akaniona mimi. Akarudi ndani akafunga mlango.

Tukangoja. Akafungua tena, kidogo.

"Mmekuja kunikamata?"

"Hapana mzee," Lusajo akasema. "Tumekuja kukuita."

"Wote wawili?"

"Wote wawili."

"Gari liko wapi?"

"Tumekuja kwa miguu."

Masanja akavitazama vile viatu muda mrefu. "Basi liko jambo," akasema. "Ingieni mnywe maziwa."

Siku nzima tulitembea hivyo. Kila mlango Lusajo anakohoa, Hilda anasema jamani, watu wanafungua wamekwisha cheka, wanakuta ni wenyewe. Jioni nyayo zilikuwa zinaniwaka moto, lakini kila nyumba ilishasema itakuja.

Alhamisi walijaa. Na hamna soda. Mgeni alikuwa mama mmoja wa Kizungu, amejifunika koti kubwa kuliko makoti yetu yote, anatabasamu, anaandika. Mwenyekiti akafungua, akidi ikatangazwa imetimia, mimi nikakaa chini kwa wanawake karibu na Tekla, nikasema moyoni, kwisha. Kumbe ndio kwanza.

Masanja akasimama. "Mmekuja kwangu, nimekunywa nanyi maziwa, nawashukuru. Bomba linapita njia ya ng'ombe wangu. Watu watapata maji. Ng'ombe watapata nini?"

Hilda akasimama. "Baba, wafadhili wametoa kwa ajili ya maji ya watu. Mifugo haimo kwenye mradi."

Lusajo akasimama. "Na kwa mujibu wa taratibu, mifugo ina idara yake."

"Ng'ombe wangu hawajui idara," Masanja akasema. "Kiu wanaijua. Watalikanyaga mpaka wayapate hayo maji." Hakusema kwa hasira. Aliinama akachukua fimbo yake. Na wenzake wote wakaanza kuchukua fimbo zao.

Mnaelewa, wakiondoka wale, akidi imekufa, na mgeni anaona kwa macho yake. Tekla alinishika mkono, vidole baridi kama samaki. Mwenyekiti alinitazama kama mtu anayetaka niite kitu. Niite nini? Nilikuwa na sauti za watu wote pale mkutanoni, na hakuna hata moja iliyokuwa na jibu. Jibu lilikuwa la wale wawili.

Lusajo akafanya kitu ambacho sikuwahi kumwona anafanya. Aliacha meza kuu, akaenda akachuchumaa mbele ya Hilda, suruali yake ya pasi inagusa vumbi. Wakanong'onezana. Mgeni akainama akasikiliza, Hilda akawa anamtafsiria. Wanachora chini kwa kijiti, wanafuta, wanachora. Masanja amesimama, fimbo mkononi, hajaenda, hajakaa.

Halafu wakainuka pamoja. Alianza Hilda. "Tangi likijaa, maji yanayozidi lazima yatolewe, na bomba la kuyatoa limo kwenye mradi. Sisi tunaweza kulielekeza upande wa njia ya ng'ombe."

Lusajo akaendelea hapohapo, wala hakukohoa. "Na saruji ya kujenga birika la kunyweshea, nitaifuata mimi idara ya mifugo. Nikiikosa nitakuja kukuambia mwenyewe, mzee, kwa miguu."

"Mchanga na mawe?" Masanja akauliza.

"Wewe," wakasema wote wawili.

Masanja akakaa. Wenzake wakakaa. Mwenyekiti alipouliza wanaokubali, Masanja alinyoosha mikono miwili, akaambiwa ashushe mmoja.

Sitawadanganya kwamba baada ya hapo kila kitu kilikwenda kama siagi. Saruji ilichelewa, Lusajo alikuja kweli kwa miguu kusema imechelewa. Siku ya kuchimba kuna watu waliugua mgongo ghafla, nikapita kuwaita kwa sauti za wake zao, wakapona. Mhandisi alilalamika mitaro myembamba. Lakini wale wawili waliacha kuja na magari mawili. Wakaja na moja, wakigombania kukaa mbele. Na mimi nikiita kwa kikohozi na wapendwa pamoja, hakuna aliyecheka tena, wanauliza tu saa ngapi.

Lusajo alipohamishwa alikuja kuniaga. Akakaa pale mlangoni, anazungukazunguka, mwisho akasema, "Bibi, niige mimi nisikie." Nikamwiga. Akasikiliza kichwa kimeinama. Akasema, "Kikohozi umekizidisha." Nikamwambia, "Baba, nimekipunguza."

Sasa ninyi mnaokwenda kuajiriwa. Mtakuwa wa halmashauri, mtakuwa wa mashirika, mtapewa magari yenye maandishi ubavuni. Nendeni mkaulizane kwanza mnacho nini, nani ana unga na nani ana sufuria, na mkaulizane mbele ya wenye kuni, siyo ofisini kwenye feni. Mgeni wa nje akija asikute mnamwambia hadithi mbili. Na mara mojamoja tembeeni, muonekane mmechafuka viatu pamoja. Watu wa kijijini husikia sana, lakini huamini kwa macho.

Mwezi uliopita nilipanda gari nikaenda kijijini kusalimia. Tekla bado yupo, amenenepa, anasema kwao Kabwe kuna joto. Niliposhuka akaniletea beseni na jagi alilolijaza bombani, ninawe mikono. Nikanawa. Zamani maji yale ya kunawa tungeyaoshea miguu, ya miguu tungewapa kuku. Yeye akachukua beseni, huku ananisimulia habari za mtoto wake shuleni, akayamwaga chini, hata hakutazama yanakwenda wapi. Yakaingia kwenye vumbi, yakaisha.

Nikamnyooshea mikono tena, nikamwambia, "Mwanangu, ninawishe tena, bado haijatakata."